Posa Katika Karavani ya Ami Nassor

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila ikinijia hujikuta nimeshika kitu kilicho karibu, kiti au ukingo wa meza, kana kwamba sakafu inataka kunitoka tena. Ilikuwa siku ya kuja kuposwa. Nimepita mengi tangu hapo, nimezaa, nimezika, nimestaafu, lakini siku hiyo bado naiona mbele yangu kama ya jana.

Nimeona niieleze kwa sababu nasikia nyinyi vijana wetu wa London, wa Barking, wa Ilford, mpaka wa huku kwetu Thornton Heath, siku hizi mnanunua karavani, vile vijumba vya magurudumu vya kufungwa nyuma ya gari. Ni jambo zuri. Watoto wapate majani na hewa. Lakini juzi kwenye karamu ya harusi nilimuuliza mmoja wenu kama anajua namna ya kuiweka sawa hiyo karavani yake akifika anakokwenda. Akanijibu, mdomo umejaa biriani, "Auntie, it's easy, I watched a video." Sikumjibu, nisije nikamharibia chakula. Sasa kila mtu ameshakula, nisikilizeni.

Wakati huo nilikuwa msichana, nakaa Ilford na ami yangu, Ami Nassor, mdogo wake baba, pamoja na mkewe Bi Shani. Wao ndio walionitoa Unguja baada ya mapinduzi, nikiwa mtoto wa kushikwa mkono, wakanilea kama wa kwao. Tulikuwa na vyumba viwili juu ya duka la vitambaa la Muhindi mmoja wa Kisumu. Ngazi za kupandia kwetu zilikuwa nyembamba hata kabati letu la nguo lilipandishwa kwa kamba, likaingia kwa dirishani.

Ami Nassor alikuwa mtu mwema, mkarimu, na mtanashati. Hata kwenda kutupa taka alifunga tai. Alikuwa na ila moja tu: haambiliki. Ukimwambia chai ina moto, ataionja, ataungua, kisha atakwambia ndivyo alivyokusudia.

Basi akatokea kijana mmoja, Hafidh, naye wa Unguja, akisomea uuguzi. Tulionana kwenye maulidi, tukazungumza mara chache, siku zote mbele za watu, lakini mazungumzo yalitosha. Mie nilikuwa namtaka. Sikumwambia mtu, ila Bi Shani alijua, maana kila jina la Hafidh likitajwa nilikuwa naosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Baba yake Hafidh, Mzee Suleiman, akaleta salamu kwamba angependa kuja yeye na dada yake, Bi Zuhura, tuzungumze jambo la kheri. Na huyo Mzee Suleiman alisifika kwa wepesi wa kununa. Ilisemekana alishawahi kuondoka kwenye posa ya mwanawe mkubwa kwa sababu chai ilichelewa. Kwa hivyo utaona kwamba siku hiyo haikuwa mchezo kwangu.

Kilichomkosesha Ami usingizi ni mahali pa kuwapokea. Vyumba vyetu vilikuwa vidogo, dari ilivuja, na Bi Zuhura alikuwa mama mwenye mwili wake. Kwa ngazi zile, naye ingebidi apandishwe kwa kamba.

Wiki hiyo hiyo yule Muhindi wa chini alikuwa anataka kuiondoa karavani iliyokaa uani kwake, maana mkewe alikataa katakata kulala ndani yake. Ami akaichukua. Akapanda ngazi anatabasamu, akatutangazia, "Wageni tutawapokea nje ya mji, kwenye hewa safi, kama watu wa heshima."

Bi Shani akamwambia, "Watu wa heshima nyumba zao hazina magurudumu."

"Hujui mambo ya kisasa," Ami akasema, akaenda kutafuta mapazia.

Siku ikafika. Tulitoka asubuhi, karavani inatufuata nyuma ya motokaa, Bi Shani amepakata sufuria la visheti vya kuliwa na kahawa njia nzima kana kwamba ni mtoto mchanga. Tulikwenda kwenye kiwanja kimoja cha karavani pembezoni mwa London, upande wa kusini mashariki, penye misitu. Mwenye kukisimamia alikuwa mama wa Kiingereza, amevaa mabuti ya mpira na koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka, kikombe cha chai mkononi. Alituonyesha nafasi tambarare karibu na bomba la maji. Ami akaitazama, akaikataa. Alitaka ile ya juu, chini ya miti, ambayo ukisimama unayaona majumba ya London kwa mbali. Ilikuwa nzuri kweli. Na ilikuwa imeinama, upande na nyuma vilevile, kama bakuli lililokalia kijiko.

Yule mama hakubishana. Alisema tu, polepole, kwa Kiingereza chepesi, kwamba mahali hapo pana mteremko, kwa hivyo mambo yafuate utaratibu. Kwanza gurudumu la upande wa chini lipandishwe juu ya ubao mpana wakati karavani bado imefungwa kwenye gari, mpaka upande na upande ulingane. Breki ya mkono ivutwe, kabari ziwekwe kwenye magurudumu. Hapo ndipo gari lifunguliwe. Mbele na nyuma visawazishwe kwa kile kigurudumu kidogo cha puani, mbele ya karavani. Na mwisho kabisa iteremshwe ile miguu minne ya chuma iliyokunjwa chini ya pembe nne, ikanyage ardhi. Akainua kidole. "Those legs keep it steady. They don't lift it. And nobody goes in until all four are down." Yaani miguu ni ya kuituliza tu, haiinui, na asiingie mtu mpaka yote minne iko chini.

"Thank you, madam," Ami akamjibu, akainama kidogo. "I drove lorries in Zanzibar."

Hilo lilikuwa kweli. Aliendesha malori ya karafuu miaka mingi bila ajali. Lakini gunia la karafuu haliombi viti wala halitazami kama sakafu imelala sawa.

Mwanzo alifanya vizuri, lazima niseme haki. Alikuja na mbao za kitanda cha zamani, akaziweka mbele ya gurudumu la kushoto, akavuta kwa motokaa taratibu, gurudumu likapanda. Akavuta breki ya mkono. Kwa kabari alitumia matofali mawili. Akafungua gari, akazungusha mpini wa kile kigurudumu cha mbele, akarudi nyuma, akasimama mbali, mikono kiunoni.

"Imekaa," akasema.

Bi Shani akaingia ndani, akaweka yai juu ya meza. Yai likabingirika, likaanguka.

"Yai lenyewe ndilo halikukaa," Ami akasema.

Alivyoona pembe ya mbele kushoto bado iko chini, akachukua ule mpini mrefu wa kuteremshia miguu, akauteremsha mguu wa pembe hiyo mpaka ukagusa ardhi, kisha akaendelea kuzungusha, anataka mguu uinue karavani kama jeki. Chuma kikalia mlio mbaya. Mguu ukapinda kama goti la ngamia. Yule mama wa kiwanja alikuwa anapita, akasimama, akasema, "It's not a jack, love," akaendelea na njia yake. Ami akateremsha mguu wa mbele kulia, na huo akauacha ulipogusa. Kisha akatazama saa. Treni ya wageni ilikuwa inakaribia.

"Na ya nyuma?" Bi Shani akamuuliza.

"Nikirudi."

Akautupa mpini ndani ya buti la gari, akaondoka mbio kwenda stesheni. Miguu miwili ya nyuma ikabaki imekunjwa chini ya karavani kama miguu ya panzi.

Sie tulikuwa ndani, tunapanga. Jiko lilikuwa mbele, karibu na mlango, na kazi yetu yote ilikuwa huko, kwa hivyo karavani haikututikisa sana. Nyuma kulikuwa na viti vizuri vilivyozunguka dirisha kubwa, mito mipya, meza ndogo katikati. Huko ndiko watakakokaa wakubwa.

Gari likarudi. Niliwachungulia pazia likiwa limefunguliwa kidogo. Mzee Suleiman alishuka kwanza, mwembamba, kanzu nyeupe inang'aa, bakora mkononi. Akafuata Bi Zuhura, akishika mlango wa gari kwa mikono miwili. Mwisho Hafidh. Kwa desturi mposaji haji na wazee wake, lakini wazee hao walikuwa hawazijui treni za London, ikabidi awalete mwenyewe, na baba yake alikuwa amemwambia tangu nyumbani kwamba leo hana mdomo.

Bi Shani akatoka kuwaamkia. Baada ya shikamoo na kheri zote akamsogelea Ami, akamwambia chini kwa chini, "Nyuma. Nyuma."

Ami alijua alichoambiwa. Lakini suti yake ilikuwa ya kijivu, imepigwa pasi mpaka inakata, na majani yalikuwa na umande chini ya miti. Apige magoti mbele ya Mzee Suleiman, azungushe vyuma kama fundi? Akapaza sauti, "Naam, nyuma ndiko kwenye viti vizuri. Karibuni nyuma."

Hapo nikamwona Hafidh. Alikuwa amezunguka nyuma ya karavani, ameinama, anatazama ile miguu iliyokunjwa. Akageuka akatazama karavani ya jirani, ambayo miguu yake yote ilikuwa imekanyaga chini. Akatazama tena ya kwetu. Akainua mkono kidogo, kama mwanafunzi.

"Ami, samahani, hii miguu ya…"

Mzee Suleiman akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Hafidh akaushusha mkono.

Sasa, mwanangu, msichana anayekuja kuposwa haketi ukumbini na wageni. Hukaa ndani, akaitwa baadaye. Lakini karavani haina ndani. Ndani yake ndiyo ukumbi huo huo. Bi Shani akatazama huku na huku, wageni wameshaweka mguu mlangoni, akafungua kabati la nguo, akaniambia, "Ingia."

Nikaingia. Nilisimama baina ya makoti ya Ami, pua yangu kwenye dawa ya nondo, zile tembe nyeupe zinazonuka. Nikasikia karavani inalia chini ya miguu ya wageni, mmoja mmoja, wakipita kwenda nyuma. Hafidh akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, kama kijana mwenye adabu. Bi Shani akabaki jikoni na birika lake. Kwa hivyo, bila mtu kujua, kulikuwa na wawili mbele, na mmoja kabatini, wanaolingana na watatu wa nyuma kama mizani.

Mzee Suleiman akaanza. Alikuwa na sauti nzuri, akamshukuru Mungu, akamtaja babu yake Ami, akamtaja babu yake mwenyewe, akaeleza namna nyumba hizo mbili zilivyojuana Mji Mkongwe. Nilikuwa nasikiliza, na hanga, kile cha kutundikia koti, limeninasa kwenye mtandio. Mwisho akafika penyewe. "Tumekuja kuomba ujamaa."

"Mmefika kwenu," Ami akajibu. "Binti tunaye. Shani, mwite binti atuletee kahawa."

Kunita kwenyewe ni kufungua kabati. Bi Shani akafungua. Nikatoka mbele ya watu wote, hanga linaning'inia nyuma ya kichwa changu. Hafidh alikuwa mbele yangu kabisa. Hakucheka. Aliuma mdomo wa chini, akatazama sakafu, na mabega yakamtikisika.

Nikapewa sinia la kahawa. Nikaanza kutembea kwenda nyuma, macho chini, hatua ndogondogo, kama nilivyofundishwa. Bi Shani akanifuata na visheti. Kumbe tulivyokuwa tunakwenda, tulikuwa tunahamisha uzito wote kutoka mbele kupeleka nyuma, na nyuma hakukuwa na kitu chochote cha kuuzuia.

Nilipopita katikati nilihisi sakafu inajivuta kama mtu anayetaka kupiga chafya. Mzee Suleiman alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea kikombe. Kisha pua ya karavani ikapanda juu, nyuma ikaporomoka, ikagonga ardhi kwa kishindo kilichonitoa viatu.

Sikuanguka peke yangu. Niliteleza na sinia, kahawa ikatangulia, ikampata Mzee Suleiman kifuani. Bi Shani akanipita, akaketi juu ya Ami Nassor. Mito yote ikamfunika Bi Zuhura, ikabaki mkono wake mmoja tu na bangili zake. Visheti vilinyesha. Milango ya makabati ikafunguka yenyewe, na koti moja la Ami likateremka taratibu, likatufikia la mwisho.

Hayo tunayacheka leo. Lakini jikoni moto wa gesi ulikuwa unawaka, na juu yake birika la maji yanayochemka, kwa ajili ya kahawa ya pili. Birika likaanza kuteremka kutujia. Hafidh alikuwa ameshika ukingo wa sinki kwa mkono mmoja, miguu inamteleza. Akanyoosha mkono wa pili akalidaka birika, kwenye tumbo la birika lenyewe penye moto, si kwenye mpini, kwa sababu mpini ulikuwa upande wa pili. Akalitupa nje ya mlango. Kisha akaizima gesi. Nilimwona uso ukimbadilika, lakini hakupiga kelele. Alisema tu, "Asisogee mtu."

Alisema kweli. Kama tungekimbilia mbele sote kwa pamoja, pua ya karavani ingerudi chini kwa nguvu, na mtu yeyote aliyekuwa chini yake huko nje asingeinuka. Yule mama wa kiwanja alikuwa ameshafika, tukamsikia akituamrisha vivyo hivyo kwa Kiingereza, tukae tulipo, na anawaita watu wa karavani za jirani walete magogo.

Tukakaa tulipo. Tulikuwa rundo moja, waposaji na waposwa, hatujui mguu huu ni wa nani. Kisha sauti ya Bi Zuhura ikatoka chini ya mito, tulivu kabisa.

"Hafidh."

"Naam, shangazi."

"Pale nje ulikuwa unataka kusema nini?"

"Miguu ya nyuma haikuteremshwa, shangazi."

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Ukaniacha nikaingia."

"Baba alikohoa."

"Baba yako amekohoa tangu utotoni," Bi Zuhura akasema, akaondoa mto usoni. "Wewe kesho utakuwa muuguzi. Utamwona daktari mkubwa anakosea dawa, naye anakohoa. Utamwacha mgonjwa anywe? Adabu ni kuchagua maneno mazuri ya kusemea. Kunyamaza ukamtazama shangazi yako anapanda kwenye mtego, hiyo si adabu, huo ni uoga uliovaa kanzu." Akageuza macho kwa kaka yake. "Na wewe Suleiman, umemfundisha mtoto kunyamaza, leo umevaa kahawa." Kisha akamtafuta Ami, ambaye uso wake ulikuwa nyuma ya bega la mkewe. "Na wewe bwana, sikujui vizuri, lakini naamini uliambiwa."

"Niliambiwa," Ami akasema. Bi Shani, aliyekuwa bado amemkalia, akatazama dari. Miaka yote niliyokaa nao, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema hivyo.

Wanaume wa huko nje waliegemeza magogo chini ya mbele, wakashika chuma cha kuvutia, wakaning'inia nacho. Tukatolewa mmoja mmoja, na kila mtu akitoka wakaishusha pua kidogo, mpaka karavani ikakaa. Bi Zuhura kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba. Hafidh kiganja kilikuwa chekundu, yule mama wa kiwanja akakitia ndani ya ndoo ya maji baridi, akamwambia akiache humo. Mzee Suleiman alisimama juu ya majani, kanzu yake nusu nyeupe nusu kahawia, akatafuta bakora yake, akaipata.

"Tunashukuru kwa ukarimu," akasema. "Tutaomba utupeleke stesheni."

Mwanangu, moyo wangu ulishuka kuliko karavani ilivyoshuka. Nilijua maana ya maneno yale: posa imevunjika. Nilitaka kusema kitu, lakini msichana asemeje? Nilimtazama Bi Shani, na Bi Shani alikuwa anamtazama mumewe.

Ami Nassor akavua koti la ile suti ya kijivu, akaliweka juu ya boneti. Akavuta tai ikafunguka. Akaenda kwenye buti la gari akatoa mpini, akaenda nyuma ya karavani, akapiga magoti yote mawili kwenye majani yaliyolowa.

"Hafidh," akaita. "Njoo baba. Nionyeshe kile ulichotaka kunionyesha."

Hafidh akamtazama baba yake. Mzee Suleiman alikuwa karibu kukohoa, ila dada yake alimtazama, kikohozi kikarudi kilikotoka. Hafidh akatoa mkono ndani ya ndoo, akaenda.

Walianza upya tangu mwanzo, wote wamesimama nje. Waliifunga tena kwenye motokaa. Walipima upande na upande kwa pimamaji, ile ya mafundi yenye tone la hewa ndani, ambayo yule mama aliwaazima, wakaongeza ubao mmoja chini ya gurudumu. Breki. Matofali wakayaondoa, wakapewa kabari za kweli. Wakafungua gari, wakapima mbele na nyuma. Halafu miguu, iliyo mizima, ikateremshwa ikagusa tu na kukazwa kidogo, kila mmoja juu ya kipande cha ubao usije ukazama, na ule uliopinda wakauwekea gogo. Ami alikuwa anauliza kila hatua, "Hivi?" Na kijana anajibu, "Kidogo tena, Ami." Mzee Suleiman alisogea hatua moja, kisha nyingine, mwisho akawa anawaashiria kwa bakora, juu, chini, kana kwamba kazi yote ilikuwa yake.

Walipomaliza Ami aliinuka, magoti ya suruali yote ni matope. Akamwendea Mzee Suleiman.

"Kijana wako ameunguza mkono kwa ajili ya mke wangu na mtoto wa ndugu yangu," akasema. "Nilikuwa nimetayarisha maswali mengi ya kumuuliza. Sina tena. Aliyebaki kuulizwa ni binti mwenyewe."

Mzee Suleiman akaitazama kanzu yake, akatazama matope ya Ami. Naona alipima akakuta wamelingana. "Basi tukae," akasema.

Tulitandika mkeka nje, maana Bi Zuhura alisema ndani haingii tena hata kwa dawa. Bi Shani akakusanya visheti vilivyookoka. Wakaniita, nikaja bila sinia, na Ami akaniuliza mbele ya wote kama nimeridhia.

Desturi ni kunyamaza, na kunyamaza kwa msichana huhesabiwa kuwa ni ndiyo. Lakini nilikuwa nimechoka na kunyamaza siku hiyo. Nikamgeukia Hafidh. "Siku nyingine ukiona kitu, utasema?"

"Nitasema," akajibu.

"Basi nimeridhia."

Na amesema, mwanangu. Tangu siku hiyo mpaka leo hajaacha. Husema mchuzi ukizidi chumvi, husema nikifungua dirisha kukiwa na baridi, husema pazia likikaa upande, husema dereva wa basi akipita kituo. Nimewahi kumwomba anyamaze kwa ajili ya Mungu, akanikumbusha kwamba ahadi niliidai mwenyewe.

Sasa nasaha zangu ni hizi, na uzishike hata kama una video kumi. Chagua kwanza mahali palipolala sawa, hata kama mandhari nzuri iko kwingine. Pakiwa na mteremko, anza na magurudumu kabla hujafungua gari, kisha breki na kabari, kisha kile kigurudumu cha puani, na miguu iwe mwisho, kwa kutuliza tu na si kwa kunyanyulia. Usiingie chini yake ikiwa haijashikiliwa na kitu imara, wala usiwaruhusu watoto ndani mpaka umeizunguka mwenyewe ukaiona miguu yote inakanyaga. Kupiga magoti kwenye majani hakumpunguzii mtu heshima, suruali hufuliwa. Akikuambia mtu usiyemjua kwamba jambo haliko sawa, msikilize kabla hujamhesabia umri wala cheo. Na wewe ukiona hatari mbele ya wakubwa, sema. Sema kwa samahani, sema kwa shikamoo, sema kwa Kiingereza ukipenda, ilimradi useme kabla mtu hajaingia. Akikohoa, ngoja amalize, kisha useme tena.

Nendeni salama, wanangu, wewe na mwenzako na hao wadogo. Mungu awape safari nyepesi na majirani wema. Awape mlale mkiwa mmelingana kichwa na miguu, na kila mtakapotua awatangulizie ardhi iliyotulia. Amin.